Maisha ya Arvi Hepovaara, Bingwa Aliyekuwa Akigeuka Nyuma

Mchungaji, ndugu wa ukoo wa Hepovaara, majirani wa Vuokkokylä, wanachama wa klabu yetu ya skii, na ninyi nyote mliokuja kwenye ukumbi huu wa usharika kunywa kahawa ya mwisho ya baba yetu, mimi ni Raili, mtoto wake wa kwanza, na ninasimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya marehemu kama alivyonisimulia mwenyewe akiwa kitandani, naye aliniagiza nisiruke kitu, hata mahali ambapo nitatamani kuruka.

Marehemu Arvi Hepovaara alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1936 hapa hapa Vuokkokylä, mkoani Kainuu, kwenye shamba lililo juu ya Ziwa Kuikka, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Kalle na Hilma Hepovaara, nyuma ya kaka yake Eljas aliyemtangulia kwa miaka miwili. Baba yao aliuawa vitani kiangazi cha mwaka 1942, na Hilma akabaki na wavulana wawili, ng'ombe watatu na msitu ambao hakuwa na mwanamume wa kuukata.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwaka 1943, na kwa kuwa shule ilikuwa ng'ambo ya msitu, ndugu hao wawili walikwenda wakiteleza kwa mbao za skii, Eljas akitangulia kufungua njia kwenye theluji mpya, Arvi akifuata katika mifuo, yaani mistari iliyoachwa na skii za kaka yake, na wanakijiji waliokuwa hai wakati huo walisema kwamba ukiwatazama kwa mbali uliona mtu mmoja mwenye kivuli. Alipata kipaimara mwaka 1952, akaingia kazi ya kukata magogo msimu huo huo, na siku za Jumapili yeye na Eljas walishindana katika mbio za wilaya, ambako Eljas alikuwa wa kwanza na Arvi wa pili, mwaka baada ya mwaka, hata tangazo la washindi likawa kichekesho, watu wakimwambia msomaji, "Soma jina la tatu tu, mawili ya juu tunayajua!"

Ninafika sasa mwezi Machi wa mwaka 1957, ambao kijiji kinaujua nusu.

Klabu yetu ilikuwa na nafasi moja tu ya kupeleka mtu kwenye mchujo wa timu ya taifa, na wiki moja kabla ya kuamuliwa, ndugu hao walitoka kufanya mazoezi kuzunguka rasi ya ziwa, Arvi akiwa mbele kwa sababu alianza kwanza. Wote mnajua desturi ya mchezo huu, kwamba mwenye kasi akikufikia kwa nyuma na kuita "Njia!", unatoka kwenye mfuo na kumpisha, awe rafiki au adui, bila ubishi. Eljas alimfikia baba yangu penye misonobari minene, akaita, "Njia!" Baba hakutoka. Eljas akacheka, akapaza sauti, "Njia, wewe bibi kizee! Unateleza au unachuma uyoga?" Baba akatanua fimbo zake za kujisukumia zaidi, akaongeza nguvu, na kaka yake akamfuata hivyo kwa muda mrefu, ncha za skii zikigonga visigino vya baba, mpaka akaita mara ya tatu, safari hii bila mzaha, "Arvi, nipishe." Baba alisikia vizuri. Hakumpisha. Ndipo Eljas akageuza skii kuelekea chini, kwenye barafu ya ziwa, ili akate kona ya rasi, na maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Haya, baki na njia yako, utanikuta nyumbani nimeshamaliza kahawa!"

Baba alifika nyumbani wa kwanza. Alinieleza jambo hili mara mbili, ili nisije nikalisahau, kwamba alipoona uwanja hauna alama ya skii alifurahi, akakaa kwenye ngazi ya sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, akitunga maneno ya kumtania kaka yake, na furaha ile ilikaa naye mpaka bibi Hilma alipotoka nje na ndoo, akauliza, "Mwenzako yuko wapi?" Baba akajibu, "Amepita ziwani." Bibi aliiweka ndoo chini taratibu, akasema, "Ziwani wapi, Arvi? Kwenye mkondo?"

Walikuta shimo mahali mto unapoingia ziwani, pale barafu huwa nyembamba mwezi Machi, na fimbo moja kando yake. Watu wa kijiji walitafuta kwa kulabu, wakatafuta tena barafu ilipoyeyuka, lakini Eljas hakuonekana, wala hajaonekana mpaka leo.

Jioni ile baba alimwambia mama yake kila kitu, naye bibi, aliyekuwa amekaa na kofia ya Eljas mapajani, alimjibu, "Umeniambia mimi, inatosha. Usimwambie mtu mwingine yeyote. Nimebakiwa na mmoja." Kijiji kikaamua kwamba Eljas alikuwa mpumbavu, na kwa miaka mingi wazazi wa hapa waliwaonya watoto wao wasipite kwenye mkondo "kama yule Eljas." Baba aliyasikia hayo dukani, kanisani, kwenye mabenchi ya klabu, akanyamaza.

Nafasi ile moja ikabaki kwake. Alikwenda kwenye mchujo, akashinda, na kuanzia mwaka 1958 hadi 1967 alikuwa bingwa wa taifa mara nne wa kilomita hamsini na mara mbili wa kilomita thelathini, akaleta nyumbani medali ya dhahabu na ya fedha kutoka mashindano ya dunia, na wengi wenu mnakumbuka alivyopokelewa kituoni kwa bendi na supu ya samoni. Mnakumbuka pia mazoea yake ya kugeuza kichwa na kutazama nyuma hata alipokuwa amewaacha wenzake mbali sana, jambo ambalo liliwachekesha waandishi wa magazeti, na watazamaji kando ya njia wakawa wakimpigia kelele, "Arvi, umesahau nini huko nyuma?" Yeye hakuwa amesahau. Alikuwa akisikia skii za mtu mwingine nyuma yake, mpigo wake ukiwa mrefu kidogo kuliko wa kwake, kila mbio, kila zoezi, hata theluji ikiwa laini kiasi cha kumeza sauti zote, na alikimbia vile ili asifikiwe. Watu walimwita bingwa mwenye moyo mkubwa, naye aliniambia, "Ilikuwa woga, Raili. Wamenivalisha medali kwa ajili ya woga."

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na mama yetu, Sylvi Komulainen, katika kanisa letu, wakajaliwa watoto wawili, mimi Raili mwaka 1963 na mdogo wangu Jouko mwaka 1967. Jouko alipozaliwa bibi Hilma aliomba apewe jina la Eljas, na baba, ambaye hakuwahi kumnyima mama yake kitu, alikataa, akatoka akaenda kupasua kuni mpaka mikono ikamchubuka. Katika nyumba yetu sauna iliwashwa kila Jumamosi, wanaume kwanza, kisha wanawake na watoto, na baada yetu bibi aliongeza kuni nyingine, akaacha ndoo ya maji na taulo safi, akafunga mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kusogea huko. Nikiwa na miaka saba nilirudi kuchukua kitana changu, nikasimama nje ya mlango ule mchana mweupe, nikasikia maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto na kutoa mvumo, mara moja, kisha mara ya pili. Niliwahesabu watu wa nyumbani kwetu, wote walikuwa jikoni. Baba alinitazama usoni wakati wa chakula, akanisogezea mkate wake.

Mwaka 1966, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika ugenini milimani, baba aliongoza mbio za kilomita hamsini akiwa amebakiza sehemu ndogo tu, na fundi wake wa kupaka skii nta, Urpo Määttä, alikuwa akimsubiri njiani na kikombe cha juisi ya moto. Urpo alimwona akija vizuri, kisha akamwona akitoka kwenye mfuo, akasimama pembeni kwenye theluji laini, akainamisha kichwa. Urpo alimkimbilia akipiga kelele, "Unafanya nini, mtu wangu? Umeumia? Nenda! Nenda!" Baba akamjibu, "Kuna mtu ameomba njia." Urpo akatazama nyuma, njia ilikuwa tupu mpaka kwenye kona ya msitu, akasema, "Arvi, hakuna mtu." Baba akasema, "Subiri apite." Akasimama pale, na Urpo, ambaye alikuwa mtu wa matusi mengi, hakutukana, kwa sababu aliona uso wa baba ukifuata kitu kilichokuwa kikipita mbele yao, kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha baba akarudi kwenye mfuo na kumaliza wa pili. Magazeti yaliandika kwamba alishikwa na mkakamao wa misuli, na Urpo, Mungu amrehemu, alikubaliana nayo mpaka alipokufa.

Mama alidhani kwamba mahangaiko ya baba yamekwisha. Usiku wa kurudi nyumbani baba alilala kama mtoto, lakini majira ya baridi yaliyofuata alirudi kutoka msituni akiwa amepauka, akamwambia, "Sasa yuko mbele yangu, Sylvi. Nikiongeza mwendo anaongeza. Simfikii." Mama akamuuliza ni nani, na mama yetu alifariki mwaka 2009 bila kujibiwa.

Baada ya kuacha mashindano alifanya kazi idara ya misitu hadi alipostaafu mwaka 1996, na kwa miaka hiyo yote alizitengeneza njia za skii za klabu yetu kwa hiari, akiziacha mbali na ziwa, hata mlipomlalamikia kwamba anawazungusha bure.

Mwezi Novemba mwaka jana alianza kubanwa na pumzi, na hospitali ya mkoa ikagundua saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Mwezi Januari aliniomba nimwite Mama Martta Pikkarainen, ambaye leo ameketi pale karibu na dirisha, na ambaye mwaka 1957 alikuwa mchumba wa Eljas. Nilikuwepo chumbani. Baba alimweleza yote, njia, kuitwa mara tatu, furaha yake kwenye ngazi, na alipomaliza, Mama Martta, akiwa bado amevaa koti lake, akasema, "Asubuhi ile tuligombana. Nilimwambia achague, mimi au hizo mbao zake. Nilidhani amepita kwenye barafu kwa ajili yangu." Baba akasema, "Sikujua, Martta." Naye akamjibu, "Miaka sitini na zaidi, Arvi. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, na kila Machi nilijua kwamba ni mimi. Ungefungua mdomo tu, wewe mwanamume." Akainuka, akatoka, na mlango hakuufunga.

Alirudi siku ya tatu na siku zilizofuata, akaleta supu, akamlisha kwa kijiko, na sikuwahi kumsikia akitamka neno la msamaha, wala baba hakuliomba. Waliongea habari za Eljas tu, alivyokuwa akipiga mluzi vibaya, alivyoogopa mbuzi, na mara moja niliwasikia wakicheka mpaka baba akaishiwa pumzi. Nilipomuuliza Mama Martta kama nisome haya mbele yenu, alisema, "Soma yote. Watu wa hapa wamemwita mpumbavu vya kutosha."

Baba yetu alifariki asubuhi ya tarehe 11 Februari 2019, akiwa na umri wa miaka 82, Jouko akiwa amemshika mkono wa kulia na Mama Martta wa kushoto. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, ambao hawakumdanganya, majirani waliosukuma theluji barabarani kila alfajiri ili gari la wagonjwa lipite, wafanyakazi wenzake wa misitu waliobeba jeneza, klabu yetu ya skii, akina mama wa usharika waliooka usiku kucha, na wewe Mama Martta, ambaye sina neno la kukutosha.

Ardhi itakapoyeyuka mwezi Mei tutaweka jiwe, na kwa agizo la marehemu jina la juu kabisa litakuwa la Eljas Hepovaara, aliyezaliwa mwaka 1934, akafa maji katika Ziwa Kuikka mwaka 1957, kwa kuwa bibi yetu, alipokuwa hai, hakukubali liandikwe kwenye jiwe la kaburi, na baba hakuthubutu baada yake. Jina la Arvi litafuata chini.

Pumzikeni kwa amani, nyote wawili.