Kumchagulia Bi Tabu Swichi

Pale Kibiti, barabara ya Lindi inapoishiwa na maduka na kuanza michungwa ya watu, pana benchi la boriti za mikoko lililopigiliwa na mtu asiyejua kupigilia. Ukilikalia kwa papara unaacha kipande cha kanzu kwenye msumari. Wanaume wa mtaa ule wanaliita ofisi, na kusema kweli linafanana na ofisi: wanafika mapema, hawafanyi kitu, na wanachukia kuulizwa. Anayewauzia kahawa ni Bi Tabu, mjane, aliyerithi birika la marehemu mumewe pamoja na wateja wake, na hajawahi kusema kipi kati ya hivyo kimemchosha zaidi. Siku hizi anamimina kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa plasta ngumu tangu alipoanguka nyumbani kwake, basi kahawa nyingine inaingia kikombeni na nyingine inaingia vumbini, na hakuna mteja aliyethubutu kulalamika.

Mazungumzo ya siku ile aliyaanzisha mwenyewe, akajuta kabla birika halijafika nusu.

Mwanawe, Abdulazizi, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa amempigia simu asubuhi. Maneno yake yalikuwa mafupi. Mama ameanguka gizani akipapasa swichi ukutani, na jambo hilo halitarudiwa. Ijumaa anakuja Kibiti. Ama atakuja na swichi janja na fundi wa kuzifunga, ama atakuja na gari la kubebea vitu, mama ahamie kwake Mbagala kwenye kile chumba cha uani. Kama ni swichi, ziko aina tatu: ile unayoiambia kwa mdomo, ile unayoibonyeza kwenye simu, na ile inayojiwasha yenyewe mtu akipita. Mama achague iliyo ya kutegemewa. Atapiga tena baada ya alasiri akiwa dukani Kariakoo.

Bi Tabu alishawahi kukaa Mbagala Ramadhani nzima. Alikula vizuri, akalala vizuri, na tangu futari mpaka daku hakuna aliyemuuliza jambo lolote. Alirudi Kibiti akiwa karibu asahau sauti yake. Chumba cha uani hakukitaka hata kwa kuonyeshwa. Na ile habari ya giza alikuja nayo Abdulazizi mwenyewe. Bi Tabu hakuwahi kuisema, wala hakuikanusha.

Sasa swichi hakuzijua, akaona awaulize wa ofisini.

Wa kwanza kujibu alikuwa Injinia. Jina lake hasa ni Mtoro, Mmatumbi wa milimani, na uinjinia aliupata kule Umwe mwaka umeme ulipofika, alipowashikia mafundi ngazi.

— Chukua inayojiwasha, bibie. Haitaki mdomo, haitaki kidole.

— Inajuaje kama nimepita mimi?

— Inasikia joto la mwili. Mtu ana joto, ukuta hauna.

Hapo Bi Tabu alielewa, na laiti wangemwacha hapo. Lakini Gharibu, mwenzake wa benchi, akataka kujua habari za paka, kwa kuwa paka naye ana joto. Injinia akasema paka inamjua kwa kimo. Na mbuzi akiingia? Mbuzi inamjua kwa mwendo. Na mtu mwenye homa? Injinia alivuta kahawa kwa sauti, dalili kwamba jibu lilikuwa halijafika. Lilipofika, likawa kwamba mwenye homa taa inamwakia zaidi, na ndiyo maana wodini kuna mwanga mkali vile. Mzee ambaye damu imeshapoa, hiyo swichi inamfikiria kwanza.

— Na ikikataa kabisa kuniwashia? aliuliza Bi Tabu.

— Usihangaike na fundi, bibie. Hapo utakuwa umeshakufa.

Bi Tabu alimmiminia kikombe cha pili bila kuombwa, nusu ikaenda kwenye ndara zake.

Gharibu, wanayemwita Kapteni, aliona zamu yake imefika. Huyu ni Mndengereko wa Kiongoroni, mkata mikoko tangu ujana. Mgongo ulipomgomea akapanda kuja Kibiti kukaa kwa binti yake, na benchi lile ni kazi ya mikono yake. Nahodha hajawahi kuwa. Alikuwa anapakia boriti kwenye majahazi ya wenzake. Alisema katika swichi zote, ya kutegemewa ni ile ya mdomo, maana hata mkono ukivunjika, na hapo akauangalia mkono wa Bi Tabu kwa heshima, mdomo unabaki.

— Na huyu mdomo wake hata ukivunjwa utabaki, alisema Injinia.

— Mtani wangu, ngoja niseme na watu wazima.

Shida ikawa kwamba Kapteni naye hakujua kuishia penye akili. Alieleza kwamba hiyo swichi inafundishwa sauti ya mwenye nyumba siku ya kwanza, na sauti ile ndiyo inayotii. Shaban, wa tatu wao, akauliza, je, mwenye nyumba akipata mafua? Kapteni akasema ukiwa na mafua unakaa gizani mpaka upone, au unamtafuta mtu wa sauti iliyofanana na yako. Halafu akakumbuka la hatari zaidi. Swichi inayosikia, inasikia yote. Mtangazaji wa redio akisema "zima", taa za mtaa mzima zinazimika pamoja. Na mkikaa mnamsengenya mtu sebuleni, yenyewe iko pale ukutani, kimya, inapokea.

— Inayapeleka wapi? aliuliza Injinia, ambaye kwake sebule haitumiki kwa jambo lingine.

— Yanakwenda kwa aliyeitengeneza.

— Anajua Kindengereko?

Kapteni alifikiri. Alisema kama hajui, basi huko ndiko kwa kusengenyea, na Wamatumbi shauri yao.

Bi Tabu alilitazama jua. Lilikuwa limeshauacha mchungwa wa kwanza. Aliwaomba, kwa sauti ile anayotumia kufukuzia kuku, wamwambie jambo moja tu: ipi haiharibiki.

— Ya simu, alisema Shaban.

Shaban ndiye kijana wa benchi, maana mvi zake ziko ndevuni tu. Wanamwita Bando kwa sababu hana siku asiyosema bando limemwishia, na hiyo ni tangu simu zilipokuwa na vitufe. Alisema ya simu ndiyo ya watu wenye akili. Unalala, unabonyeza, imezimika. Uko Utete hospitali, umesahau taa ya uani, unabonyeza, imezimika.

— Na bando likiisha? aliuliza Bi Tabu.

Benchi zima lilimgeukia Bando. Bando alisema likiisha, taa inabaki ilivyokuwa. Kama ilikuwa inawaka, inawaka mpaka utakaponunua jingine. Kama ilikuwa imezimika, unakwenda dukani kununua vocha.

— Gizani?

— Unamulika na simu, mama.

Injinia aliuliza kama simu inayo taa ya kumulikia, swichi ya nini. Bando akamwambia hajaelewa teknolojia. Akaendelea kwamba uzuri mwingine ni huu, Abdulazizi naye atakuwa nayo kwenye simu yake hukohuko Mbagala, akimwashia mama magharibi na kumzimia akishasali isha. Bi Tabu alishusha birika. Alikuwa hajawahi kufikiria kwamba anaweza kuzimiwa taa na mtoto aliyemnyonyesha yeye. Bando hakuuona uso wake. Alikuwa ameshafika kwenye hadithi ya mtu mmoja wa Ikwiriri, hakumtaja jina, aliyepoteza laini yake ya simu, ikauzwa upya kwa mtu wa mbali, na huyo wa mbali akawa ndiye mwenye taa za nyumba ile. Mpaka leo mwenye nyumba anampigia kumbembeleza.

Kapteni alisema hayo yote ni madogo ukilinganisha na yaliyompata Sihaba, jirani yao wa nyuma ya msikiti. Hili wote walilijua, wakalisimulia kwa pamoja, kila mmoja akimkata mwenzake. Sihaba aliletewa na mkwewe swichi ya kupiga makofi. Unapiga kofi, inawaka. Unapiga kofi, inazimika. Ilikwenda vizuri mpaka siku alipotoa kinu kutwanga mpunga. Kila mchi uliposhuka taa iliwaka, uliposhuka tena ikazimika, na kwa kuwa walikuwa wanatwanga wawili kwa kupokezana, watoto wa mtaa wakajaa dirishani wakidhani kuna ngoma. Injinia alisema kosa si la swichi, ni la kinu. Bando alisema kosa ni la mpunga, watu wa siku hizi wanapeleka mashineni. Kapteni alisema kosa ni la mkwe.

Kufikia hapo Bi Tabu alikuwa na swichi inayowapa taa wenye homa, swichi inayopeleka umbeya ng'ambo, na swichi yenye mwenyewe asiyejulikana. Alijaribu kuzipanga kichwani zikawa zinaingiliana. Aliona Ijumaa inakuja, na gari, na kitanda chake kimefungwa kamba juu yake, na benchi hili likipata kahawa kwa mtu mwingine anayemimina kwa mkono wa kulia.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa pembeni kwenye ndoo yake aliyoipindua, akisubiri gari la Utete. Alikuwa ameagiza kahawa na kashata, na alikunywa taratibu kama mtu ambaye hana haja ya kuonekana. Injinia alipoanza kueleza kwamba swichi zote hizo zinataka nyumba ielekee kibla, mwanamke yule alirudisha kikombe.

— Samahani wazee wangu. Shikamoo mama.

— Marahaba.

— Siku ile ulipoanguka, taa ilikuwa inawaka au imezimwa?

Watu walitazamana. Injinia alisema bila shaka ilikuwa imezimwa, maana ingekuwa inawaka asingeanguka. Kapteni akasema siku ile umeme haukuwapo kabisa, anakumbuka kwa sababu binti yake alipika na taa ya mafuta. Bando akasema ulikuwapo, ila hafifu, kwa hiyo taa ilikuwa inawaka na imezimwa kwa wakati mmoja. Walibishana kidogo, kisha ubishi ukaisha wenyewe, wote watatu wakabaki wanamwangalia mwenye mkono.

Bi Tabu aliinua birika akalitikisa. Yalikuwamo mashapo tu.

Taa ilikuwa inawaka. Alikuwa amelala sakafuni akiitazama, balbu nyeupe na wadudu wakiizunguka, na swichi aliibonyeza mwenyewe kabla ya kushuka kitandani. Kilichomwangusha ni goti, lililokunjika katikati ya chumba kama kiti kibovu, na siku hiyo haikuwa ya kwanza. Abdulazizi alipokuja mbio akauona mkono umevimba, alisema "giza" kabla hajaulizwa, na Bi Tabu akaona giza ni jambo linaloweza kununuliwa dawa Kariakoo. Goti dawa yake ni Mbagala.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Simu yake ililia hapohapo, ndani ya khanga. Aliitoa kwa mkono wa kushoto na kuiweka sikioni kinyumenyume mpaka Bando alipomgeuzia. Kelele za Kariakoo zilisikika hata benchini.

— Mama, niko dukani. Umechagua ipi?

Bi Tabu alimtazama yule mwanamke juu ya ndoo, kisha akalitazama benchi, boriti zile za mviringo zilizong'aa kwa kukaliwa, ambazo Kapteni huzishika akitaka kuinuka.

— Lete inayojiwasha, alisema. Na fundi aje na bomba la chuma. Alifunge ukutani, litoke kitandani kwangu mpaka mlango wa uani. Alifunge hasa, lisicheze.

— Bomba la nini, mama?

— La swichi.

— Hizi hazitaki bomba. Muuza duka ananiambia hapa...

— Wazee wa hapa wamesema zinataka.

Injinia alishanyosha mkono. Alipewa simu, akasafisha koo, akamwambia Abdulazizi kwamba mama yake amesema sawasawa. Nyumba za Kibiti zina chumvi ya bahari ukutani, swichi janja bila bomba inapoteza joto njiani, akaulize popote. Kapteni akadakia kwa mbali kwamba bomba liwe zito. Abdulazizi akasema haya, kama wazee wamesema, bomba litakuja Ijumaa pamoja na swichi. Gari hakulitaja.

Gari la Utete lilipiga honi. Mwanamke alijitwika ndoo yake, akampitia Bi Tabu karibu.

— Walifunge usawa wa kiuno, mama, alisema taratibu. Kwa mama yangu walilifunga juu mno, tukalirudia.

— Nimekusikia, mwanangu.

Akapanda, gari likaondoka. Bando alilisindikiza kwa macho, amenuna. Alisema ameangalia habari za swichi janja mwaka mzima kwenye simu yake na hakuna aliyemwambia habari ya bomba.

— Bando lako linaishaga mapema, alimjibu Injinia.

— Na huyo mama wa Utete kwao wanayo swichi kama hiyo? aliuliza Bando.

— Wanayo, alisema Bi Tabu. Akayamwaga mashapo chini ya mchungwa, akawataka wasogeze miguu akusanye vikombe.