Eneo la Chini Halikai Bure

Mgeni rasmi, Ofisa wa Ardhi, kabla hujaketi, tuwie radhi kwa kinyesi kilicho karibu na kiti chako. Tumekiacha makusudi. Miaka minne iliyopita kinyesi cha ng'ombe wetu kilikuwa kikavu, kimesimama kama mkate. Wa kwanza kuliona hilo ni binti anayekusomea risala hii, aliyeacha shule akiwa darasa la tano akawa mchunga ndama. Wakati ule hakumwambia mtu. Tazama cha leo: laini, kimetandaa, na wadudu wanakizika ardhini mbele ya macho yako. Karibu sana.

TULIKOTOKA
Tuna maeneo mawili, la juu na la chini, na lango katikati. Zamani ng'ombe walishinda kote, mwaka mzima. Jani likichipua, limeliwa. Ardhi ikawa ngumu kama sakafu, mvua inapita juu juu na kwenda zake. Ndipo mtunza lango, baba mdogo wa msomaji, alipopoteza ufunguo, eneo la chini likiwa limefungwa. Tulimcheka, na mpaka leo tunamwita Mpoteza Funguo. Fundi alichelewa miezi miwili. Alipokata kufuli, mvua zilikuwa zimeshanyesha. Udongo ulibonyea chini ya nyayo. Bibi mmoja alivua viatu. "Jamani," akasema, "kumbe ardhi ilikuwa hai?"

TULICHOJIFUNZA
Mwaka uliofuata tulizidisha. Tuliacha nyasi hadi zikatupita vichwa, tukajisifu, na ng'ombe wakakonda humo humo. Nyasi zilishakomaa, zimebaki makapi. Sasa tunaingia zikifika goti, tunatoka zikibaki kimo cha ngumi, na zizi tunalihamisha kila wiki mbili ili samadi ienee. Ng'ombe aliyetoa lita mbili anatoa tano, na hatujanunua hata gunia moja la chakula. Kila asubuhi tunasimama langoni tunashangaa kama wageni.

KINACHOTUNYIMA RAHA
Barua yako inasema eneo la chini halina ng'ombe, kwa hiyo halitumiki, litagawiwa wengine. Mgeni rasmi, hilo limepumzika, na nyasi zake zinakaribia goti. Likiondoka, la juu litakanyagwa mwaka mzima, nasi tutarudi kwenye sakafu.

OMBI
Tembea humo kwanza, bila viatu ukipenda, ndipo uamue. Uliuliza pia ni nani aliyeamua kulifunga. Tulikujibu: hakuna, ni ufunguo tu ulipotea.

Mungu akupe afya, na ardhi unayoikanyaga ikukumbuke kwa wema.

Ni sisi, Kikundi cha Wafugaji wa Lango Moja.

Karatasi ya kikundi imeishia hapo. Haya ameyaongeza msomaji kwa mkono wake:

Baba mdogo, nisamehe. Hukupoteza kitu. Niliona nyasi za chini ya waya wa uzio, ambako midomo haifiki, zilikuwa laini. Nikataka kujua ardhi yote ikiachwa hivyo itafanya nini. Mgeni rasmi, aliyeamua ni mimi. Ufunguo huu hapa.