Sosi ya Mama Mkwe

Ndani ya basi dogo la kwenda Saida, Bi Wadad alipakata chupa ya sosi ya komamanga aliyoichemsha kutwa nzima uani kwake, vidole vingali vyeusi kwa maganda. Alikuwa akimpelekea mkaza mwanawe.

Mwanamke kijana aliyekaa ubavuni mwake akaiona. "Mimi na sosi hiyo, shangazi, hatuachani. Napaka mabawa ya kuku, namwagia bilinganya, hata bisi."

"Unaichemsha mwenyewe?"

"Nina wazimu? Nanunua ya dukani, tamu. Mama mkwe huniletea yake kila mwaka, kali ya kukunja uso. Ile nasugulia sinia za shaba. Zinang'aa, utajitazama."

Abiria wa nyuma wakacheka. Cha mwenzio hakikuumi.

"Na yeye unamwambiaje?"

"Namwambia tumeila yote mama, tuletee nyingine. Nimvunje moyo mtu mzima?"

Bi Wadad akaitazama chupa yake. Maneno hayo hayo mkaza mwanawe alimwambia juzi kwa simu, naye akakimbilia sokoni kununua makomamanga.

"Bibi huyo anawapenda," akasema mwishowe.

"Sana. Hachoki."

Basi likasimama. Dereva akauliza mara mbili nani anashuka hapo, na Bi Wadad, aliyepaswa kushuka, hakujibu.