Karani Apewa Wiki ya Majaribio

Benchi letu liko ubavuni mwa ofisi za kampuni ya maji, chini kabisa ya dirisha la malalamiko, kwa hiyo mambo ya watu tunayajua kabla ya wenyewe. Jioni hiyo Barua, karani anayejibu wateja waliokasirika, alifika amenuna, akakaa bila salamu. Muuza kahawa akammiminia kikombe hata hajaomba. Kumbe kampuni imeamuru kila mfanyakazi achague kazi yake moja, aiachie akili mnemba iijaribu wiki nzima, halafu asimame mbele ya wenzake aeleze imekuwaje.

— Si uiachie tu, — akasema Wembe, kinyozi wetu. — Tatizo liko wapi?

— Ikiweza, mimi nabaki wa nini? Ikishindwa, wataniambia sikujaribu. Nina watoto, kaka.

Tukamwonea huruma, maana tunampenda. Halafu tukaanza kumpotosha.

Wembe alishauri mashine iachiwe kumjibu yule mama anayepiga simu kila asubuhi kulalamika kwamba mita yake inakoroma. Haitamaliza wiki, alisema, itaacha kazi yenyewe.

Daktari, ambaye ni fundi saa na hajawahi kumtibu mtu, akapinga. Kwa maelezo yake mashine haichoki, ila ina aibu. Barua asimame nyuma yake, na kila ikiandika neno, yeye agune.

— Nigune vipi?

Daktari akaguna. Mimi mwenyewe nilijihisi nimekosa.

Muuza kahawa ndiye aliyevuka mipaka. Alitaka mashine moja ilalamike, nyingine ijibu, zishughulishane zenyewe huko ofisini, na Barua ashinde hapa kijiweni akinywa kahawa. Aibu kusema, lakini wazo hilo tulilikubali wote, na Barua akaanza kutabasamu.

Ndipo akatokea meneja wake, tai imelegea, akaomba nafasi. Tukasogea. Akanywa kikombe kizima, kisha akatueleza kwamba amri ile haikumwacha hata yeye, na mkurugenzi anataka jibu kesho.

— Natakiwa nitaje kazi yangu moja, mashine iijaribu, — akasema kwa upole. — Nimefikiria tangu asubuhi. Hivi jamani, kwani mimi huwa nafanya nini?

Wote tukamgeukia Barua, aliyefanya kazi chini yake miaka na miaka. Barua akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.