Delmar Royce Yoho, Mwalimu wa Kusema Kabla ya Kusogea

Mzee Delmar Royce Yoho, tunayemlaza leo, alizaliwa maili mbili tu kutoka hapa tuliposimama, tarehe 9 Februari 1947, katika nyumba ya mbao iliyokuwa karibu na mgodi wa zamani wa Pruitt Fork, jimbo la Ohio. Alikuwa kifungua mimba wa Clyde Yoho, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Hazel. Miaka mitano baadaye akazaliwa mdogo wake, Lonnie, na hao wawili ndio watoto pekee ambao wazazi wao walijaliwa. Bibi Hazel alikuwa akisema kwamba Delmar alizaliwa mzee. Akiwa na miaka sita alizunguka nyumba kila jioni kuhakikisha milango imefungwa, kisha akazunguka tena kuhakikisha kwamba amehakikisha. Mimi ninayesoma ni Twila, mtoto wa Lonnie. Marehemu alikuwa baba yangu mkubwa, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne.

Alisoma shule ya hapa hapa Pruitt Fork na kumaliza masomo ya sekondari mwezi Mei 1965. Enzi hizo, msimu wa kuwinda kindi ulipofunguliwa, wavulana walikuja shuleni na bunduki zao na kuziegemeza kwenye kona ya ofisi ya mwalimu mkuu, ili kengele ya mwisho ikilia waingie msituni moja kwa moja. Delmar alijipa kazi ya kuzikagua, bila kutumwa na mtu. Siku moja mwalimu mkuu mwenyewe, Bwana Hostetler, alileta ya kwake.

“Iweke pale, kijana.”

“Ifungue kwanza nione, Mwalimu.”

“Unanifundisha mimi?”

“Sikufundishi, Mwalimu. Nataka kuona tu.”

Bwana Hostetler aliifungua kwa hasira, na risasi ikadondoka sakafuni mbele ya wote. Inasemekana tangu siku hiyo Delmar hakuadhibiwa tena shuleni, hata pale alipostahili.

Mwaka 1966 aliitwa jeshini, akatumikia miaka miwili Ujerumani akitengeneza bunduki za wenzake. Aliporudi aliajiriwa kwenye kiwanda cha vipuri vya mitambo mjini Tolliver, akafanya kazi hapo miaka thelathini, mpaka kiwanda kilipofungwa. Hakupenda kuzungumzia siku ile ya kufungwa. Alisema tu kwamba aliizima mashine yake kwa mkono wake mwenyewe na akaifuta mafuta, kana kwamba kuna mtu wa kuja Jumatatu.

Alifunga ndoa na Opal Dillow tarehe 20 Juni 1970. Walikutana kwenye mashindano ya kulenga shabaha ya kanisa, ambapo mshindi hupewa bata mzinga. Delmar alikuwa ameshinda miaka miwili mfululizo. Opal alimpiku kwa pointi moja, akambeba bata wake, kisha akageuka na kumwambia, “Ukija Jumapili utamkuta mezani.” Alikwenda. Hawakujaliwa kuzaa, lakini nyumba yao haikuwahi kukosa mtoto wa jirani jikoni, akila mkate wa mahindi na maharage.

Sasa lazima niseme habari za baba yangu, maana maisha ya marehemu hayaeleweki bila hiyo. Tarehe 3 Novemba 1979, Delmar na Lonnie walikuwa wakirudi kutoka kuwinda sungura, Lonnie akiendesha gari lake. Polisi wa wilaya jirani, kijana mgeni kazini, akawasimamisha kwa kosa la mwendo kasi na kuomba kadi ya gari. Lonnie akanyoosha mkono kuifungua droo ya dashibodi. Ndani, juu ya karatasi, kulikuwa na bastola. Polisi aliiona bastola na mkono unaoiendea, akafyatua. Baba yangu alikuwa na miaka ishirini na saba. Mama yangu alikuwa ameshatuacha, kwa hiyo jioni ile ile Delmar na Opal walikuja kunichukua.

Mwaka 2004 jimbo letu lilipoanza kutoa leseni za kubeba bastola iliyofichwa, Delmar alipata cheti cha kufundisha, akaanzisha darasa la Jumamosi katika ukumbi wa zimamoto. Walimu wengine walifundisha kulenga. Yeye nusu ya darasa lake ilikuwa kiti, usukani alioung'oa kwenye gari bovu na kuupigilia kwenye ubao, na Opal aliyevaa kofia ya polisi na kushika tochi.

“Leseni na kadi ya gari!” Opal alifoka. Mwanafunzi akapeleka mkono mfukoni, kama tunavyofanya sote.

“Pa! Umekufa,” alisema Opal. “Kanywe kahawa, urudi uanze upya.”

Wengi wenu mlio hapa mliuawa na Mama Opal zaidi ya mara moja. Mlikufa mpaka mkajua: zima injini, mikono juu ya usukani, kisha useme kabla hujasogea. “Habari, afande. Nina leseni na nina bastola, iko kiunoni upande wa kulia. Ungependa nifanyeje?” Sheria ya wakati ule ilimtaka mwenye leseni kumwambia polisi mara moja, na asiyesema alishtakiwa. Delmar alifundisha pia haki zenu: kwamba bastola yenye leseni peke yake si kosa, kwamba unaweza kukataa gari lako kupekuliwa, na kwamba kubishana ni kwa mahakamani, si kando ya barabara. Mtu akipatia yote, alimpa mkono na kumwambia, “Haya, umefika nyumbani.” Hakuwa na tuzo nyingine aliyoijali duniani. Aliamini kwamba siku akiacha kufundisha, mtoto wa mtu atanyoosha mkono kwenye droo.

Na huyu ndiye mtu aliyeshtakiwa kwa kosa lile lile la kutosema.

Ilikuwa Jumamosi mchana, tarehe 8 Oktoba 2011. Taa yake ya nyuma ilikuwa imeungua, naye akasimamishwa na askari Kaylene Truax, aliyekuwa na miezi minne tu kazini na ambaye alikuwa mwanafunzi wake. Delmar alizima injini, akaweka mikono juu ya usukani, akageuka, akaona ni nani.

“Kaylene! Goti la mama yako linaendeleaje?”

“Bora kidogo, Mwalimu. Hataki kutumia fimbo.”

“Mwambie Opal anasema ni mkaidi.”

“Atasema Opal ndiye aliyemfundisha.”

Waliongea kama dakika tatu. Kisha sajenti wa Kaylene, aliyekuwa amepita tu, akaja upande wa pili wa gari, akaona bastola kiunoni na kupiga kelele. Delmar hakusogeza hata kidole. Sajenti alimfunga pingu, akachukua bastola, akamwamuru Kaylene aandike mashtaka. Akipatikana na hatia, leseni ingesimamishwa na cheti cha kufundisha kingekwenda na maji.

Wakili wake, Bwana Fenton Goss, aliona mlango wa kutokea. Kamera ya gari la polisi ilirekodi picha bila sauti.

“Sema ulimwambia mwanzoni kabisa,” alisema Goss, jikoni kwetu, mimi nikiwapo. “Ni neno lako dhidi ya lake, na wewe una mvi.”

“Kwa hiyo mvi zangu zimfukuzishe kazi mtoto wa watu?”

“Delmar, utapoteza darasa.”

“Na nikilipata kwa uongo, nitasimama mbele yake nifundishe nini?”

Kesi ilisikilizwa mwezi Februari 2012. Nilikaa benchi la pili pamoja na Mama Opal. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama alimwambia askari kuhusu bastola. Akajibu hapana. Aliulizwa imekuwaje mwalimu asahau somo lake mwenyewe.

“Nilisahau kwamba yeye ni polisi,” alisema. “Niliona mwanafunzi wangu. Ni kosa langu, si lake.” Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. “Na si mara ya kwanza. Mwaka sabini na tisa nilikaa kwenye gari na ndugu yangu. Bastola iliyokuwa kwenye droo ilikuwa yangu. Niliiweka mimi asubuhi ile, sikumwambia. Polisi alipoomba kadi nilijua bastola ilipo. Nikaona haya kusema. Lonnie hakuijua.”

Miaka thelathini na miwili nilikuwa nimeambiwa kwamba bastola ilikuwa ya baba yangu. Shuleni niliitwa mtoto wa mjinga aliyeifuata bastola mbele ya polisi, nikapigana, nikaadhibiwa. Na huyu aliyekuwa akinifunga vidonda akirudi kazini alijua. Nilimchukia siku ile. Nasema wazi, maana yeye asingetaka nifiche. Jaji alimtia hatiani, tukatoka, na sikusema naye neno hadi mwaka ule ulipokwisha.

Hakutaka kukata rufaa. Mama Opal alimwekea karatasi mezani kando ya bakuli la supu. “Saini,” alimwambia, “au kuanzia kesho ujipikie.” Akasaini. Kwenye ushahidi wake Kaylene hakuwa ameongeza wala kupunguza: alisema hakuomba leseni, hakuomba kadi, hakutoa amri yoyote, na kwamba mazungumzo ya goti aliyafurahia. Sajenti wake hakumsamehe kwa hilo kwa muda mrefu. Novemba 2012 majaji wa rufaa, wawili dhidi ya mmoja, waliamua kwamba askari aliyegeuza ukaguzi kuwa maongezi ya majirani hawezi kuzihesabu dakika hizo kuwa kosa la raia. Wakaamua pia kwamba bastola yenye leseni haikuwa sababu ya pingu, na kwamba mwenyewe arudishiwe. Hatia ikafutwa, cheti kikarudi.

Watu walikuja kumpongeza na keki za tufaha. “Majaji wawili wamesema sikukosea,” aliwaambia. “Yule wa tatu ndiye aliyepatia.” Kuanzia Januari 2013 kila darasa lake lilianza na kisa cha Kaylene, kikafuatiwa na kisa cha Lonnie, chote, pamoja na ni nani aliyeiweka bastola.

Nilisikia kwamba anakisema mbele ya watu wasiomjua. Jumamosi ya tatu nikaenda. Sikuwa nimewahi kuliingia darasa lile, maana sikuvumilia hata kuuona ule usukani. Mama Opal alikuwa na mafua, kwa hiyo kofia alivaa Baba Mkubwa. Nilikaa kwenye kiti, nikaweka mikono juu.

“Leseni na kadi ya gari,” alisema.

“Habari, afande,” nilisema. “Kuna bastola kwenye droo. Si yangu. Sijasogea.”

Tochi ilimwanguka. Alipiga magoti pale kwenye sakafu ya zimamoto, mzee wa miaka sitini na mitano, akalia mbele ya wanafunzi kumi na mmoja, nami nikalia naye. Mtu mmoja kule nyuma akauliza kama hii nayo ni sehemu ya mtihani. Tulicheka tukiwa bado tunalia. Kisha Baba Mkubwa akanipa mkono, akasema nimefika nyumbani. Kuanzia wiki iliyofuata nilikuwa msaidizi wake.

Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, mwenye bastola akatakiwa kusema pale tu anapoulizwa. Wanafunzi wakamwambia somo limepitwa na wakati. “Sheria imewaruhusu kukaa kimya,” alijibu. “Mimi sijawaruhusu.” Alifundisha mpaka Aprili 2023, alipogunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Aliugua kwa miezi kumi na moja, nyumbani, akihudumiwa na Mama Opal na wauguzi wema waliokuja kila siku. Sajenti Kaylene Truax, maana sasa cheo hicho ni chake, alikuja kila Jumatano akiwa na sare. Kila alipoingia mgonjwa alitoa mikono juu ya blanketi na kusema, “Habari, afande. Leo sina kitu.” Alifariki dunia Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Ameacha mjane, Opal. Mimi, Twila, na mume wangu Curtis. Wajukuu wawili, Hadley na Boone. Na wanafunzi elfu moja mia tatu na sita. Kwa kadiri tunavyojua, hakuna hata mmoja wao aliyepigwa risasi kando ya barabara, wala aliyempiga askari. Baada ya ibada, chakula kipo katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Kwa ombi lake atazikwa ubavuni mwa Lonnie.

Siku mbili kabla hajatutoka nilikuwa nikimnywesha maji. Aliusukuma mkono wangu polepole.

“Twila, baba yako nikikutana naye, nianzie wapi?”

Nilimtazama. Alikuwa akiogopa kweli, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiogopa kitu.

“Mwambie mara moja, Baba,” nilisema. “Kabla hata hujamsalimia. Halafu mwambie mimi nimeshakusamehe.”

Wapumzike kwa amani, wote wawili.