Tteok za Baba Boram Zapigwa Upepo

Benchi letu liko mbele ya duka langu, chini ya jengo la ghorofa kumi na tano hapa Daegu, na ukitaka uongo uliopikwa ukaiva, pita jioni. Kahawa ni ya pakiti, vikombe vya karatasi, maji ya moto natoa mimi. Jumamosi ile nilikuwa nimekaa na Kamanda na Profesa, wenzangu wa benchi, Baba Boram akateremka kutoka ghorofa ya tisa na sinia mikononi, unga hadi kwenye nyusi. Juu ya sinia kulikuwa na tteok, vijiti vyeupe vya unga wa mchele, alivyovipika kwa mvuke, akakanda na kuviringisha mwenyewe. Mwanaume huyo tangu mkewe afariki hajawahi hata kukaanga yai! Ila binti yake Boram ana mimba changa, chakula hakikai tumboni, anazidi kukonda. Amepiga simu kutoka Seoul kwamba yuko njiani, na kitu pekee anachokitamani ni tambi za pilipili zenye tteok za nyumbani, kama za marehemu mama yake. Za dukani hazitaki. Hata za duka langu, na nimemsamehe.

Baba Boram: Jamani, msiguse. Zinapigwa upepo kidogo zikaze, nisije nikazitia kwenye rojo la pilipili zikawa uji.

Kamanda: Zitakuwa uji tu. Umekanda kwa huruma mno. Sisi jeshini tulikuwa tunatwanga unga mpaka unaomba msamaha.

Profesa: Jeshi gani? Si ulimenya vitunguu mpaka ukaruhusiwa kurudi nyumbani?

Huyu Profesa ni dereva teksi mstaafu. Chuo kikuu alikifikia mara nyingi, akashusha abiria, akageuza gari.

Kamanda: Kumenya vitunguu si upishi? Lete moja nikuonyeshe kasoro.

Akachukua moja. Nikaleta kibakuli cha mafuta ya ufuta, maana tteok ya moto bila mafuta ni dharau.

Baba Boram: Enhe?

Kamanda: Laini.

Baba Boram: Laini nzuri au laini mbaya?

Kamanda: Bwana we, nitatoaje hukumu kwa moja?

Akachukua ya pili. Profesa naye akachukua, eti asikilize pande zote.

Profesa: Tatizo si mkono, ni ghorofa. Mvuke wa ghorofa ya tisa umeshapanda vya kutosha, hauna hamu ya kupanda tena. Mchele unaiva nusunusu.

Mimi: Kwa hiyo wa ghorofa ya kumi na tano wanakula mchele mbichi?

Profesa: Kwani hujawaona kwenye lifti walivyonuna?

Baba Boram: Mama Boram alipikia hukohuko ghorofa ya tisa.

Profesa akala nyingine, safari hii taratibu, kwa heshima.

Kamanda: Basi ni jiko. Jiko lako la wali si lile linaloongea?

Baba Boram: Ndilo. Likimaliza linatangaza chakula kimeiva. Sauti ya kike.

Kamanda: Umeona sasa! Unga wa nyumba ile umezoea sauti ya Mama Boram. Leo unasikia mwanamke mwingine anatoa amri jikoni. Lazima ugome!

Baba Boram alicheka mpaka akafuta macho, na sidhani kama ni kicheko tu alichokuwa anafuta. Akachukua moja mwenyewe, eti ahakikishe kama kweli imegoma. Na mimi nikachovya, kwani mafuta si yangu?

Hapo ndipo Boram akatokea, anavuta begi la magurudumu, rangi imemtoka. Akatuinamia kwa adabu. Akaiona nusu ya tteok mkononi mwa Kamanda, akaichukua bila kuomba, akaichovya, akaitia mdomoni.

Kamanda mkono umemganda hewani. Boram akatafuna, akameza, akaweka kiganja kifuani. Tukasubiri. Hakuna kilichorudi.

Boram: Chumvi imepungua. Mama alikuwa anazidisha.

Baba Boram: Eeh. Alikuwa anazidisha.

Boram: Lakini ndiyo hizi, Baba. Ndiyo zenyewe. Nyingine ziko wapi?

Sote tukatazama sinia. Lilikuwa linang'aa mafuta, basi. Profesa akamtazama Kamanda, Kamanda akanitazama mimi, mimi nikaitazama birika, nayo ilikuwa imekauka.

Baba Boram alikuwa ameshafika kwenye lifti, anabonyeza kitufe kama anataka kukitoboa.

Baba Boram: Unga upo! Unga upo, mwanangu! Kamanda, njoo ukande, na huruma iache hapo benchini!

Wakaingia wote, begi likaburutwa na Profesa. Nikafunga duka kabla ya saa zake, nikawafuata na pakiti ya chumvi.