Machela Iliyongoja Bao Liishe

Ndugu zangu, onga mshi. Wa msikitini nawasalimu, wa kanisani nawasalimu, na wewe uliyekuja kwa sababu umesikia kuna chai, nawe nakusalimu. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mwenyekiti ameniita nije mbele, nami nimemwomba aniache hapa hapa mlangoni. Sauti yangu itawafikia. Sababu ya kusimama hapa mtaijua kabla sijamaliza.

Sitataja jina la mtu. Anayestahili kutajwa kwa ubaya ni mmoja tu, naye mnamwona amesimama.

Mimi ni mtu wa michezo. Simaanishi mpira, miguu yangu mnaiona. Ni michezo ya kukaa: bao, drafti, karata, hata keram. Tulipoanza darasa la elimu ya watu wazima, wenzangu walitaka kusoma barua za watoto wao walioko Tanga. Mimi nilipopewa daftari na penseli nikaanza kuandika habari za michezo. Kila nikicheza na mtu mpya niliandika: tumecheza wapi, anachezaje, mchezo nimeupenda au umenichosha. Mwalimu alisahihisha herufi zangu, akacheka, akaniacha na wazimu wangu.

Niliandika kwamba keram ya duka moja pale Lushoto ni mchezo wa kidole, si wa kichwa, na kwamba mwenye duka anamwaga unga mwingi mno ubaoni mpaka kete zinateleza zenyewe. Drafti ya visoda niliisifu, ila nikaandika kwamba ukikosea mapema huna pa kurudia, na mimi mchezo usiosamehe siupendi. Bao ndilo lililonichukua moyo. Kwenye bao unaweza kuliwa mpaka ukabaki na kete za kuhesabu kwa vidole, halafu ukapata shimo moja, ukala, ukazunguka, ukala tena, na mwenzio amebaki anakodoa macho. Nikaandika hivi: bao linasamehe. Nawaambia, neno hilo liko katika daftari langu hadi leo, na nikilisoma naumia.

Sasa nisikilizeni. Mimi na mke wangu tulikaa miaka sita bila mtoto. Mnajua maneno ya watu. Shangazi zangu walianza kuniuliza nangoja nini, na mke wangu akiwa jikoni anasikia. Mwaka wa saba akashika mimba. Miezi ilipokuwa mikubwa akaenda kwao, kwa mama yake, kama desturi yetu ilivyo kwa mtoto wa kwanza. Kwao ni kitongoji cha chini, ng'ambo ya kijito. Nilimsindikiza mwenyewe nikiwa nimebeba mkeka wake kichwani, na watu njiani wakanicheka, nami nikacheka nao. Kwa hesabu yetu ilikuwa bado mwezi mzima.

Wageni wetu wa kutoka wilayani pengine hamjui mambo ya machela huku kwetu. Gari haliwezi kushuka kule chini. Mgonjwa analazwa kwenye machela ya miti na blanketi, na kila kitongoji kinambeba mpaka kwenye mpaka wake, kisha kitongoji kinachofuata kinampokea. Sisi tunapokea pale jiweni, tunapandisha mpaka barabarani. Wabebaji wanaita mara tatu. Mwito wa kwanza ni machela ikitoka nyumbani. Wa pili ni wakivuka kijito. Wa tatu ni wakifika jiweni, na huo wa tatu ukipigwa, watu wa zamu wawe wameshafika pale. Watu wa zamu ni sita, na siku hiyo hawaendi shamba la kijiji. Wanakaa barazani kwa ghala, wanangoja.

Kungoja kunachosha. Ndiyo maana bao langu lilikuwa pale. Alilichonga marehemu baba kwa mti wa mvule, na mashimo yake yalikuwa laini kwa mikono ya watu wengi. Hakuna aliyekatazwa kucheza akiwa zamu. Hilo mlijue, ili msije mkanitafutia udhuru.

Siku hiyo alikuja mtu mmoja kutoka Vuga. Ninyi mnawajua watu wa Vuga, hata akiwa anauza kabichi atakukumbusha kwamba kwao walikaa machifu. Huyu alikuwa amenifunga mara mbili kwao, mbele ya wakwe zake, na nilikuwa nimeandika kurasa nne juu yake. Alikuwa anacheza polepole, akikusudia kukuchosha, akishusha kete mojamoja kama mtu anayepanda maharage. Alipoketi mbele yangu barazani, watu wakajaa. Ukungu ulikuwa umeshuka, hata mti wa pale ghalani huuoni.

Mchezo ule ulikuwa mzuri. Sitawadanganya, nimekuja kusema kweli. Alinila mpaka nikabaki na kete chache, akaanza kuwasalimu watu badala ya kutazama bao. Mimi nikaona njia. Nikaila nyumba yake, lile shimo kubwa alilokuwa anajivunia, nikazunguka, watu wakalipuka kwa kelele, na mimi nikacheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Katika kelele zile, mwito wa kwanza ulipita.

Tulipotulia tukasikia mwito. Nikasema, "Haya, wametoka nyumbani. Tuna muda." Miongoni mwetu sita alikuwapo mzee mmoja ambaye tulizoea kumtania kuhusu masikio yake, kwamba yamekwisha kustaafu. Mzee yule akasimama, akasema, "Huo ni wa pili. Wa kwanza nimeusikia mlipokuwa mnapiga kelele."

Mimi, ndugu zangu, kijana mbele ya mtu wa umri wa baba yangu, nilimjibu bila kuinua macho. Nilisema, "Mzee, hilo ulilosikia ni mbuzi. Kaa."

Watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda. Akakaa.

Ukaja mwito mwingine. Tukasema, sasa ndio wanavuka kijito. Yule wa Vuga akawa amepata njia yake, nami nikawa naitafuta yangu, na hakuna aliyeondoka. Kumbe machela ilikuwa imeshatuliwa jiweni, hatua mia mbili hivi kutoka pale tulipokaa, ndani ya ukungu. Waliobeba walikuwa wanne tu, vijana wao wakiwa shamba la kijiji, na wawili kati yao walikuwa wazee wasioweza kupiga hatua nyingine. Wakangoja. Kwa nini wasingoje? Tangu zamani, ukiita mara tatu watu wanakuja.

Wakaita mara ya nne. Hapo ndipo sisi tukasema, ndio wa tatu huo, twende. Nikamwambia mtu wa Vuga, "Usiguse kete, narudi."

Tulishuka tukikimbia. Wa kwanza niliyemtambua alikuwa baba mkwe wangu, amekaa kando ya jiwe, mabega wazi, anahema. Sikuelewa anafanya nini pale. Nikamwamkia, nikasema, "Shikamoo baba," na mzee yule hakuitikia, akatazama machela. Nikaona khanga. Niliinunua mimi.

Mke wangu uchungu ulikuwa umemshika kabla ya siku zake, na damu haikukatika. Nilichukua mti wa mbele, nikapanda mlima ule nisijue nilikuwa na bega au sina. Barabarani tukapata lori, likatufikisha hospitalini pamoja na wale wanne waliotufuata nyuma. Wauguzi walifanya kila walichoweza, Mungu awabariki. Mke wangu walimrudisha. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia mara moja, nami nikamsikia nikiwa nje ukutani. Nikangoja alie tena.

Mkunga alitoka akaniuliza taratibu, "Mlichelewa wapi?" Hakuwa ananilaumu, alitaka kujua tu. Wale wanne waliobeba walikuwapo, na hakuna aliyenitaja.

Hapo ndipo nilipoanguka. Wengine wenu mlidhani nilianguka kwa pombe. Pombe sikuionja. Baada ya kuzika, mke wangu alibaki kwao kupona, na mimi, badala ya kwenda kukaa naye na kumshika mkono, nilitoroka. Nilishuka Mombo nikiwa na shati moja, nikazunguka mpaka Bulwa, nikaomba kazi ya kuchuma chai. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayenijua. Siku za mapumziko wenzangu wakicheza bao la mashimo ya ardhini, nikisikia kete zinaanguka, nilikuwa naondoka. Nililia sana kule. Mwanamume anasema hakulia, mimi nililia mpaka msimamizi akadhani macho yangu yanaumwa.

Mwaka mzima sikumpelekea mke wangu hata salamu. Nilijiambia hataki kunisikia. Huo ulikuwa uongo, mimi ndiye niliyeogopa.

Siku moja nikiwa na kapu mgongoni nikaona mzee amesimama mwisho wa mistari ya chai, amevaa koti lake la ibada. Baba mkwe. Mzee yule alikuwa amepanda mabasi matatu na mguu wake mbovu. Kwetu mkwe na mkwe hawazungumzi mambo mengi uso kwa uso, wanaheshimiana kwa mbali, kwa hiyo nilijua alichokuja nacho ni kizito. Nikamwamkia. Safari hii aliitikia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Zamu yenu ina watu watano sasa. Mlima haujapungua."

Nikamwambia, "Baba, mimi ndiye niliyemuua mjukuu wako."

Akaitazama ile chai. Kisha akasema, "Nilikuwa jiweni. Najua ulichofanya kuliko wewe mwenyewe. Nimekuja kukuchukua, vaa viatu."

Niliweka kapu chini. Ndugu zangu, kama mnatafuta siku niliyookoka, ni hiyo, na aliyeniokoa alikuwa na haki ya kunipiga fimbo.

Tulifika kwake jioni. Mke wangu alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinuka. Nilikaa chini, nikamweleza yote, hesabu ya miito, mtu wa Vuga, mzee niliyemwambia akae. Nilidhani atasikia mambo mapya. Alipepeta ungo wake mpaka mwisho ndipo akasema.

"Nilikusikia ukicheka," akasema. "Nikiwa njiani, kabla hatujafika jiweni, nikakusikia, na nikafurahi. Nikawaambia wazee, huyo ni mume wangu, yuko karibu, sasa hivi atakuja. Ndiyo maana hawakutuma mtu kukufuata. Nilikuwa na hakika."

Nimeishi na maneno hayo, na nitazikwa nayo. Sijapata dawa yake na sitaki mtu anitafutie. Mke wangu alirudi nyumbani baada ya mwezi mmoja. Hakuniambia amenisamehe. Alikuja na mkeka wake, akauweka pale ulipokuwa, akauliza kama kuna kuni.

Mtoto mwingine hatujapata. Wanaoniuliza barabarani, jibu ndilo hilo, msiniulize tena.

Kuna deni moja la heshima nililolipa kabla ya kushika tena mti wa machela. Nilikwenda kwa yule mzee wa masikio, nikapiga magoti mlangoni kwake asubuhi, wajukuu zake wakitazama. Nikamwambia, "Baba, ulisikia sawasawa." Akaniambia ninyanyuke, magoti yangu yatachafuka. Halafu akaongeza, "Na mbuzi je, umeshamwomba radhi?" Nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu siku ile, nikaona aibu, naye akanishika bega akanikalisha kwenye kigoda chake.

Namshukuru huyo mzee. Nawashukuru wale wanne waliobeba. Wangeweza kunitangaza kijiji kizima, wakanyamaza mpaka leo ninajitangaza mwenyewe. Namshukuru mtu wa Vuga, ambaye alingoja pale barazani mpaka giza akilinda kete zisiguswe, hajui kilichotokea, na alipoambiwa alilia kama amefiwa yeye. Namshukuru baba mkwe kwa mabasi matatu. Mke wangu simshukuru mbele za watu, shukrani yake haitoshi kwa mdomo. Yule pale amekaa karibu na dirisha, naye anasikiliza nje kama mimi.

Sijaja kuwakataza bao. Lile la baba nimelitundika ghalani, anayetaka na alishushe, ila siku ya zamu linabaki ukutani. Wala sitawaambia mhesabu miito vizuri zaidi, maana kuhesabu ndiko kulikoniponza. Ukisikia mwito, usiulize ni wa ngapi. Inuka uende. Ukifika jiweni ukakuta hawajafika, kaa, wangoje wewe. Na mtu akikwambia amesikia, hata kama masikio yake mnayacheka, simama kwanza ndipo ubishane naye njiani.

Leo zamu ni yetu. Yule mzee yuko nje hapa kizingitini, amekataa hata kuingia kunisikiliza, anasema habari hii anaijua na kazi yake ni kusikiliza mlima. Akinigusa tu mgongoni nitawaacha katikati ya neno, na msiniite nirudi nimalizie. Chai yangu mpeni mke wangu.